Sweta la Rangi ya Damu ya Mzee

Wifi yangu alikataa kupimwa. Alitaka nimfumie sweta, alishachagua rangi na aina ya shingo, hata idadi ya vifungo aliitaja, lakini nilipotoa tepu kwenye mkoba wangu aliniangalia kama nimemtolea kisu. Akaniambia niirudishe nilikoitoa. Kisha akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta begi lake, akatoa blauzi ya maua aliyokuwa akivaa sokoni enzi za uzima wake, akanitupia mapajani.

"Pima hiyo," alisema. "Huo ndio mwili wangu."

Naandika habari za sweta hilo kwa sababu tangu tumzike, watu wa ukoo wamezisimulia kila mtu kwa namna yake, na sijasikia hata mmoja aliyezisimulia sawasawa. Wapo wanaosema mama mkwe alinilazimisha. Wapo wanaosema sikujua kukadiria, uzi ukaniishia, nikaanza kubabaisha. La uzi kuisha ni kweli, na hata leo linaniudhi, lakini kufuma nilikuwa najua kabla baadhi yao hawajaota meno.

Nilijifunza nikiwa msichana, miaka ya shida, wakati uzi wa dukani ulipatikana kwa kujuana. Tulifumua nyuzi zilizoshonea midomo ya magunia ya unga, tukaziunganisha vipande kwa vipande, na kazi ikawa na mafundo mengi kuliko maua. Wenzetu walioolewa na wavuvi ndio tuliowaonea wivu, maana waliweza kunyofoa uzi mweupe wa kutengenezea nyavu. Kitambaa cha uzi wa nyavu kilikuwa kigumu. Ukikitandika kwenye kochi, mgeni anakaa wima mpaka anaaga. Lakini kilikuwa cheupe, na hakuna panya aliyekitamani.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, na maduka ya mjini yakajaa. Sisi walimu wa shule ya msingi tuliozoea kufuma vitambaa vya makochi wakati wa mapumziko tulichanganyikiwa. Kulikuwa na nyuzi za kila rangi, zimepangwa mpaka darini, zinang'aa. Nilikuwa naingia dukani naziangalia tu, nazigusa, natoka, na siku hiyo nzima nafundisha kwa furaha. Ilichukua muda kugundua kwamba nyingi zilikuwa nailoni tupu. Zinalia kwenye sindano, zinateleza, na ukizifua mara chache zinaota manyoya. Rangi nazo zilikuwa na visa vyake. Unanunua madonge ya kijani, yanakuishia katikati ya kazi, unarudi duka lile lile, mwenye duka anakuapia kwamba ni kijani kile kile. Unafika nyumbani, unakiweka juani, unaona umeuziwa mtoto wa baba mwingine. Tangu hapo sichagui uzi ndani ya duka. Nautoa nje kwenye jua, na mwenye duka akinuna anune.

Wifi alinicheka kwa yote hayo. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na alikuwa mwanamke mnene, nasema hivyo bila kumkosea, kwa sababu yeye mwenyewe alijisifia. Aliuza mitumba kwenye soko la Mlango Mmoja, upande wa masweta na makoti, na mwili wake ulimsaidia kuuza. Mteja akisitasita, alilivaa koti yeye, akageuka huku na huku, akamwuliza mteja, kama linanitosha mimi, je, wewe utalikosaje? Akija kwangu Buswelu alianza kwa kukagua masufuria, halafu akaja sebuleni kukagua vitambaa vyangu. Aliniuliza makochi yangu yana baridi gani hata niyavishe. Mawifi wengine wananyamaziana kwa adabu. Sisi tulitaniana mpaka mume wangu akawa anahamia nje na kiti chake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta uzi kwenye mitumba. Nilimwonyesha siku moja sweta zuri la bluu nililolinunua kwa mtu mwingine, nikiwa na mpango wa kulifumua nipate sufu halisi. Hakulitazama hata usoni. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, akaanza kucheka. Mashine iliyoliunganisha sweta lile ilikuwa imekata ukingo huku inashona, maana yake kila mstari ulikuwa umekatwa mwisho wake. Nilipofumua nilipata vipande vifupi, rundo zima. Aliniambia nimejipatia nyuzi za kufungia mchicha. Baada ya hapo alinionyesha mshono wa kutafuta, ule ambao vitanzi vimeshikana vyenyewe bila kukatwa, ambao ukivuta uzi mmoja unakuja wote kuanzia shingoni mpaka pindoni. Sijawahi kukosea tena. Akifungua belo jipya, robota la mitumba, alikuwa ananiwekea pembeni mawili matatu, na akinikabidhi lazima aongeze neno la kuniudhi.

Alianza kuumwa taratibu. Kwanza alikosa sokoni siku za upepo, halafu akawa anakosa hata siku za jua, mwisho mume wangu akaenda Buzuruga, wifi alikokuwa amepanga chumba, akamleta kwetu. Ulikuwa Ukimwi. Leo naweza kuliandika neno hilo, lakini nyumbani mwetu halikutamkwa. Mume wangu alisema ni malaria sugu. Mama mkwe alituma salamu kutoka Ukerewe kwamba kuna mtu sokoni amemwonea wivu mtoto wake. Majirani walikuja kumpa pole, na yale waliyokuwa nayo moyoni wakayasemea kwao. Wifi mwenyewe alisema amechoka tu, akipata nguvu anarudi kwenye meza yake.

Baridi ndiyo iliyomtesa. Jua la mchana linawaka, kuku wanahema chini ya mihogo, yeye yumo ndani ya blanketi anatetemeka. Na blanketi lenyewe lilimkwaruza, maana ngozi yake ilikuwa imejaa vipele. Masweta ya nailoni hakuweza kuyavumilia hata kidogo. Aliyavaa, akayavua, akayatupa chini kwa hasira. Ndipo aliponiambia nimfumie sweta la sufu laini, rangi ya damu ya mzee, na ndipo nilipotoa tepu na akanifukuza nayo.

Niliichukua ile blauzi, nikaitandika sebuleni juu ya mkeka. Nilitazama ule upana nikasikia uchungu. Mtu aliyekuwa kitandani angeweza kuingia mara mbili. Lakini ndiye mwenye sweta, na ndiye aliyetaka hivyo, nikaona kazi yangu ni kutafuta uzi.

Kutafuta uzi wa damu ya mzee kulinichosha. Ni rangi ambayo kila mtu anadhani anaijua. Mmoja anakuletea nyekundu ya bendera, mwingine zambarau, mwingine kahawia, wote wanakuambia ndiyo hiyo hiyo. Nilikwenda Mlango Mmoja siku za Jumamosi nikiwa na kiberiti mkononi, maana wifi alikuwa amenikataza kuamini lebo. Ukichomoa uzi kidogo ukaugusisha moto, nailoni inayeyuka na kuacha punje ngumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole. Wauzaji wengine walinifukuza, walidhani nataka kuwachomea meza. Waliokuwa majirani wa wifi waliniacha nichome nitakavyo. Waliniuliza hali yake na nikawajibu kwamba anaendelea. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa akila naye mchana, alinishika mkono akaniuliza kama amepungua sana. Nilijifanya nachunguza mshono.

Mwishowe nilipata masweta mawili ya kiume. Moja lilikuwa zima, kubwa, la sufu laini ajabu. La pili lilikuwa limeliwa na wadudu viwikoni na rangi yake ilikuwa imefifia kidogo kuliko ya lile la kwanza, lakini nilijua la kufanya: mstari mmoja wa uzi huu, mstari mmoja wa ule, macho hayashiki tofauti. Nilirudi nyumbani naimba.

Siku nilizofumua zile nguo zilikuwa nzuri. Wifi alikaa kwenye jamvi ameegemea ukuta, jua likimpiga miguuni, mimi navuta uzi, yeye anazungusha donge. Sweta linaisha polepole kama mtu anayevuliwa, na uzi unatoka umejikunja kunja, kama nywele zilizosukwa muda mrefu zikafumuliwa. Tuliuosha, tukauanika juu ya kamba, tukafunga mawe madogo chini ili unyooke. Wifi alikuwa anauangalia ukiyumba kwa upepo wa ziwani. Alisema ukweli hajawahi kuona sufu kama ile hata kwenye mabelo ya daraja la kwanza, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno la kuniudhi. Nilifurahi kuliko inavyostahili kufurahia uzi.

Nilianza na pindo. Mnyororo wa kwanza wa vitanzi ulikuwa mrefu mno, nikauhesabu mara kadhaa nikidhani nimekosea, nikaupima kwenye blauzi, ukaenea. Basi nikaendelea. Mgongo ulipofika kwapani ulikuwa unanifunika mapaja yote na kuning'inia pembeni. Nilikuwa napenda uzito wake. Wifi aliutaka kila jioni autandaze juu ya blauzi yake kitandani, apapase kingo, aone kama zimekutana. Akiona sehemu nimebana mkono alinionyesha kwa kidole, nami nafumua mistari mitatu minne nafuma upya, huku nalalamika kwamba sikuajiriwa. Alikuwa amepanga tayari. Siku atakayorudi sokoni atalivaa hilo sweta, afike akiwa amechelewa kidogo ili wote wawe wamekaa, apite katikati yao.

Mama mkwe alivuka kutoka Ukerewe na kapu la sato wakavu. Nilimpokea mzigo, nikapiga goti, shikamoo mama, akaitikia huku macho yake yamekwishamtafuta mtoto wake mlangoni. Alikaa naye chumbani kwa muda mrefu. Alipotoka alinikuta nimekaa kwenye kigoda na kazi yangu, akaniuliza nafuma shuka la nani. Nilimwambia ni sweta la wifi. Aliingia jikoni, akaniita nimfuate, akafunga mlango wa bati nyuma yetu.

Aliniambia nisimfanye mtoto wake kituko. Watu watakuja kumwona, watamkuta amezama ndani ya sweta kama kifaranga ndani ya gunia, na kila mtu atapima kwa macho yake alikuwa wapi na amefika wapi. Akataka nilipunguze, nilitie na bitana nyeupe ndani, amvalishe awe nadhifu. Nilimjibu kwa upole kwamba wifi mwenyewe ndiye aliyetoa kipimo. Mama mkwe akasema mgonjwa hatoi kipimo. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye mboga aliyokuwa anaichambua.

Usiku wa siku hiyo nilimwuliza mume wangu nifanye nini. Alisema mimi ndiye fundi. Nilimkasirikia sana. Ni dada yake na ni mama yake, na mimi niliyetoka kwetu na sanduku moja ndiye niliyeachiwa niamue ukubwa wa mwili wa mtu.

Kwa hiyo nikawa nafuma kwa hila, kama kuna hila katika jambo linalofanyika mbele ya macho ya wote. Mama mkwe akiwa karibu nilishika mkono wa sweta, ambao hauonyeshi upana. Akienda kanisani au kisimani nilishika kifua. Yeye naye alikuwa anajua. Alikuwa anapita, anatazama, anaguna, anapita tena. Sindano ilinikwaruza kidole mpaka kikavimba, na ile raha niliyokuwa nayo mwanzoni iliisha kabisa. Nilikuwa nafuma kama mtu anayepalilia shamba la mwingine. Kuna jioni nilitamani uzi ungeshika moto wenyewe.

Halafu ukaisha. Nilikuwa nimemaliza mgongo na vipande viwili vya mbele, na mkono mmoja, na nimeviunganisha mpaka shingoni. Nilitazama kilichobaki kwenye kapu, nikajua hakifiki hata kwenye kiwiko. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya sweta la pili lote, nikatumia hata vipande vilivyotoka kwenye viwiko vilivyoliwa. Wanaosema sikukadiria hawajui kwamba uzi uliokwisha kuliwa na wadudu unaukadiria kwa matumaini tu. Nilirudi Mlango Mmoja na kipande cha mfano kwenye pochi. Nilipekua meza zote, nikateremka hadi kwenye maduka ya mjini, nikatoa donge moja baada ya jingine nje kwenye jua. Hakuna hata moja lililokaribia. Nilirudi nikiwa nimechoka na nina hasira na ulimwengu mzima, hasa wale wadudu.

Mama mkwe alinisikiliza nikiwa nimesimama uani. Aliuliza kama uzi uliopo ungetosha sweta dogo. Nikasema ungetosha na kubaki. Akatazama juu, akashukuru Mungu, akasema si unaona. Sikutaka kuona chochote. Niliingia chumbani kwa wifi nikiwa bado na vumbi la njiani, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwambia ukweli wote kuhusu uzi. Nikamwambia naweza kumfumia mkono wa pili kwa rangi nyingine, nyeusi labda, au rangi ya ugoro, siku hizi vijana wanavaa hivyo. Nilikuwa naongea haraka haraka. Hata mimi nilisikia ninavyoongea.

Alicheka kidogo, akakohoa, akasubiri kifua kitulie. Akaniuliza lini nimemwona amevaa nguo yenye mikono ya rangi mbili. Alikuwa amelipakata lile sweta la mkono mmoja, anapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni kama alivyofanya na sweta langu la bluu miaka ile. Blauzi ya maua ilikuwa pale pale kwenye mto. Aliitazama muda mrefu.

"Fumua," alisema.

Nilimwuliza kama anataka nifumue huo mkono mmoja, nilifanye kizibao.

"Lote," alisema. "Lete na ile tepu yako."

Sikunyanyuka mara moja. Nilimwambia hakuna haraka, nitakwenda tena sokoni wiki ijayo, mabelo yanafunguliwa kila siku, pengine litatokea jingine. Nilimwambia mambo mengi. Aliniacha nimalize, kisha akatafuta mwenyewe fundo la mwisho la shingo, akalilegeza kwa kucha, akanipa ncha ya uzi. Akajiandaa kuzungusha donge. Ikabidi nivute.

Tulikuwa tumefika kifuani mama mkwe alipoingia na bakuli la uji. Alisimama mlangoni akatazama sweta linavyokwisha na donge linavyonenepa mikononi mwa mtoto wake. Nilidhani atafurahi. Aliweka bakuli chini taratibu, akaja akashika kile kipande kilichobaki, akakizuia nisikivute.

"Liacheni," alisema. "Msilifumue. Mrudishieni lilivyokuwa."

Nilimweleza kwamba uzi hautoshi, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka lipunguzwe. Hakunisikia. Alikuwa anasema lilikuwa zuri, lilikuwa kubwa, atalijaza, akila atalijaza, uji huu hapa. Alikuwa anamwambia wifi, na wifi alikuwa amemshika kiganja anakibandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye sufu, bila nguvu, kwa sababu hakuwa nazo, na mama mkwe naye akawa anaachia bila kulazimishwa.

Tulipoweka donge la mwisho kwenye kapu, wifi aliomba tumkalishe wima. Alivua blanketi mabegani. Sikuwa nimemwona kifua kwa muda mrefu, kwa kuwa mama mkwe ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alinyanyua mikono kama wateja wake walivyokuwa wakiinyanyua kwa fundi cherehani pale sokoni, akaiweka hewani, ikaanza kutetemeka. Nilipitisha tepu mgongoni. Ncha ikawa inaniponyoka, basi akamwambia mama yake amsaidie kushika upande mmoja. Mama mkwe akashika.

"Inchi ngapi?" wifi aliniuliza.

Nikamtajia kama ilivyosomeka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokwisha kuifanya peke yake.

"Ongeza mbili," alisema. "Za kuvutia pumzi."

Nilisema nitaongeza. Nikapima mabega, nikapima mkono, nikamrudishia blanketi. Mama mkwe alikuwa bado ameshika ncha yake ya tepu, na ilibidi nisubiri aiachie.